Makovu ya Safari

Dominika ya Pili ya Pasaka



Injili ya Dominika hii yatupeleka katika chumba kilichofungwa milango, ambamo Bwana Mfufuka anamwonyesha Tomaso madonda yake. Mauti amekwisha kuyashinda, lakini makovu hakuyafuta. Kwa nini?

Kila mwaka, tarehe 12 Aprili, mataifa huadhimisha safari za binadamu angani, kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1961, Yuri Gagarin alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia akiwa huko juu. Basi, na tukitafakari chombo kimoja kilichostaafu, Discovery cha Marekani, ambacho tangu mwaka 2012 kimo katika jumba la makumbusho huko Chantilly, Virginia. Kilisafiri mara 39, kati ya mwaka 1984 na 2011. Ndicho kilichoipeleka angani darubini ya Hubble mwaka 1990.

Anayekikaribia hutazamia kuona kitu king'aacho. Kumbe, huona vigae vilivyoungua na weupe uliofifia. Kila kiliporudi duniani, hewa iliyo mbele yake iligandamizwa hata ikapata joto lipitalo nyuzi 1,000 za Selsiasi, na vigae hivyo ndivyo vilivyowakinga waliokuwamo. Wahifadhi hawakukipaka rangi upya. Walikiacha kama kilivyotua, kwa maana alama zile ndizo ushuhuda wa kazi yake.

Tena, mwaka 1986 chombo Challenger kiliangamia pamoja na watu saba. Na mwaka 2003 Columbia nacho kikaangamia, na watu saba wengine. Baada ya kila msiba, Discovery ndicho kilichotangulia kuruka tena, mwaka 1988 na mwaka 2005. Waliopanda walijua vema yaliyowapata wenzao. Kasoro zilitafutwa na kurekebishwa, lakini hatari haikuisha. Walipanda hata hivyo.

Ndugu wapendwa, tunafanya vema kushangilia ukuu huo ambao Muumba amemjalia mwanadamu. Lakini tujiulize: ikiwa chuma kilichochakaa kimepewa nyumba na walinzi, je, watu waliochakaa kwa ajili yetu wamepewa nini? Yupo katekista mzee aliyevizungukia vigango kwa miguu miaka mingi, akatufundisha sala na kutuandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Leo macho yamefifia, magoti hayapigi tena, wala hakuna amjuliaye hali. Twapita mlangoni pake tukienda Misa!

Kristo hakuyaficha makovu yake, kwa sababu ndiyo alama za upendo uliokwenda hadi mwisho. Basi, juma hili, kila jumuiya ndogondogo imtembelee mmoja wa wazee hao. Tusiende na chakula tu. Tukae, tumwombe atusimulie safari yake, nasi tusikilize.

Bwana Mfufuka atujalie macho ya kuyaheshimu makovu ya wenzetu, na moyo wa kuyapokea ya kwetu. Amina.