Ini la Mnywaji

Hapa Kihonda, penye kuitazama milima ya Uluguru, tumeona zaidi ya mara moja mtu aliyekonda mikono na miguu, tumbo lake limejaa maji kama mtungi, na macho yamekuwa ya manjano. Watu husema amerogwa. Siku nyingi hupotea katika kumtafuta mchawi, na huku mgonjwa hupewa kangara ati apate nguvu!

Mchawi huyo yumo kikombeni. Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu, na uzito wake kwa mtu mzima ni karibu kilo moja na nusu. Kazi ya kukivunja kileo, yaani ile nguvu ilevyayo, ni yake hasa. Chupa moja ya bia ya nusu lita hulitia kazini kwa saa mbili hata tatu. Anywapo mtu sana kila siku, mafuta hujilimbikiza ndani ya ini, kisha huvimba, na baada ya miaka mingi nyama yake laini hugeuka makovu magumu.

Hapo damu itokayo katika matumbo hukosa njia. Mwaujua mto Morogoro ushukavyo kutoka milimani: ukizibwa kwa magogo, maji hupanda kingo na kuingia mashambani. Ndivyo damu ifanyavyo. Hujipenyeza katika mishipa midogo ya kooni, nayo ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Tena maji huvuja yakalijaza tumbo.

Na miaka yote hiyo ini aghalabu halimwumi mtu. Mnywaji hujisifu kuwa yu mzima.

Wengine hujitetea kwamba hawanywi gongo, bali pombe ya nafaka tu. Ini halijui jina la pombe. Lajua wingi wa kileo. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku nchini Machi 2017, lakini kileo kile kile kimo katika chupa na katika kata.

Ini lililoingia mafuta tu huweza kupona kwa majuma machache, mnywaji akiacha kabisa. Hata mwenye makovu akiacha huongeza siku zake. Ila aliyezoea kunywa sana asiache kwa ghafula peke yake, maana aweza kushikwa na degedege. Na aende kwanza kwa daktari, amwambie kweli ni vikombe vingapi.