Hotuba juu ya Wahudumu wa Afya wa Vijiji Vyetu



Katika jubilei hii wengi wamekwisha kusimulia habari za mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868, na nyumba walizojenga. Sisi twapenda kusema habari za watu wasiojenga nyumba yo yote, wala majina yao hayakuchorwa katika jiwe: wahudumu wa afya wa vijiji, ambao kazi yao ni kwenda mlango kwa mlango.

Mhudumu huyu si daktari, wala hajidai kuwa daktari. Ni jirani aliyechaguliwa, akafundishwa, akarudi kukaa kati ya wenziwe. Mtu wa Mlingotini ajua ni nani amejifungua jana, na ni nani analala na homa siku ya tatu bila kusema. Daktari wa wilaya atayajuaje hayo?

Tuchukue ugonjwa mmoja, kwa kuwa ni wa pwani yetu tangu zamani na watu huuonea haya: matende na mabusha. Wazee wengi walisema ni madafu yaletayo busha. Sivyo, tunyweni madafu yetu kwa amani. Ni minyoo myembamba kama uzi, iletwayo na mbu, ikakaa mwilini miaka mingi. Dawa huua watoto wa minyoo walio katika damu, lakini minyoo mikubwa mingi husalia. Ndiyo maana dawa yapasa kumezwa tena kila mwaka, hata isiwepo damu ya kumpa mbu ugonjwa.

Nchi yetu ilianza kugawa dawa hiyo bure huko Mafia mwaka 2000, kisha kazi ikaenea katika wilaya nyingine. Wagawaji walikuwa wanakijiji wenyewe, wenye fimbo ndefu iliyotiwa alama. Wengine waliicheka fimbo ile, nayo ilikuwa na akili kuliko mizani: mtu husimama kando yake, na urefu wake huonyesha idadi ya vidonge vya aivamektini. Asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito, wala mgonjwa mahututi.

Yakatokea maneno kwamba vidonge vyaondoa uzazi. Gari lenye kipaza sauti halikuweza kuyajibu. Aliyeweza ni jirani ambaye watu walimwona akimeza vyake kwanza, na ambaye wangemkuta pale pale mwakani. Wilaya nyingi zimekwisha kupimwa na kuacha ugawaji. Lakini kidonge hakirudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mguu huo wataka kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vema katikati ya vidole, na kuinuliwa mtu akilala; busha lataka upasuaji. Nani atamfundisha mzee aliyejificha ndani kwa aibu, ila mtu awezaye kubisha hodi kwake bila kuonekana mgeni?

Kadhalika mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika tarafa ya Yombo, kamati za wanakijiji ziliuza vyandarua na kusimamia kuvitia dawa ya mbu.

Sasa tuseme lililo zito. Wahudumu si jambo jipya. Mwaka 1973 redio ilitufundisha katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata wakakubali kwamba afya ianzie pale watu wakaapo. Vijiji vingi vilipata wahudumu, nao walitazamiwa kutunzwa na vijiji. Vingi havikutoa kitu. Wahudumu wakarudi mashambani, wala hatuwalaumu: mtoto hali shukrani.

Mwaka 2024 Serikali ilianza mpango wa kupata wahudumu zaidi ya 130,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, nao wapewe posho. Ni jambo jema, nasi twaogopa lisije likaishia kama lile la kwanza. Masika bonde la Ruvu likijaa maji na njia zikikatika, mhudumu ndiye aliye upande mmoja wa maji na mgonjwa.

Basi twawaomba walimu wa kila kigango, kabla ya mwezi huu kwisha, waende kwa mwenyekiti wa kitongoji wakaulize mambo mawili: wahudumu wetu ni nani, na je, posho ya mwezi uliopita wameipata?