Mahali Patakatifu pa Kale: Tupatambue Kabla Hapajatoweka

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata



Mkoa wetu una sifa ya mawe, lakini si kila jiwe ni la kupasuliwa kokoto. Katika Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, lipo jiwe linalocheza, ambalo wenyeji wameliheshimu tangu enzi za mababu kuwa mahali pa matambiko. Pale Bujora, Kisesa, ngoma za watemi wa Kisukuma zimehifadhiwa kwa kuwa Padri David Clement na wazee wa wakati wake walitambua thamani yake mapema. Lakini yapo mawe, miti na vichaka vingi ambavyo havijaandikwa popote, na wanaovijua wanapungua kila mwaka.

Masimulizi ya wazee si hadithi za kupitishia jioni tu. Huko Katuruka, mkoani Kagera, wazee walimwonyesha mtafiti Peter Schmidt mahali pa mti mtakatifu wa Kaiija, wakamsimulia habari za Mukama Rugomora Mahe na wahunzi wake. Uchimbaji uliofuata, katika miaka ya 1970, ulifukua masalia ya kazi ya chuma yenye umri wa miaka ipatayo 2,500. Kumbukumbu ya wazee ndiyo iliyotangulia; jembe la mtaalamu lilifuata.

Basi, tutazitambuaje dalili? Tazameni mti mkubwa uliosazwa peke yake katikati ya mashamba, kichaka ambacho hakuna anayekata kuni, jiwe lenye michoro myekundu au myeupe, vigae vya vyungu vyenye mistari, au mavi ya chuma yaliyozagaa ardhini. Kisha waulizeni wazee: mahali hapa paliitwaje, na kwa nini?

Mkipata dalili hizo, nawaomba mzingatie mambo manne. Kwanza, msichimbe. Uvumi wa rupia na mali za Wajerumani umewafanya watu wafukue makaburi na mawe, na shimo likishachimbwa ovyo, ushahidi hauwezi kurudishwa. Pili, msimwagie maji michoro wala kuikoleza kwa chaki au mkaa. Tatu, msiokote vigae. Mtaalamu husoma kigae pamoja na mahali kilipolala. Nne, toeni taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ili ifike kwa Afisa Utamaduni na Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali.

Natambua kwamba kokoto ni ada ya shule na mlo wa jioni kwa kaya nyingi. Hatusemi kila jiwe liachwe. Tunaomba kabla ya nyundo ya kwanza kushuka, mzee wa mahali hapo aulizwe. Wala hatuombi siri za koo. Michoro ya Kondoa iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na hadi leo wenyeji hufanya matambiko yao katika baadhi ya miamba hiyo. Kuhifadhi si kuwanyang'anya wenyewe.

Jiwe lililopasuliwa haliungwi, na mzee aliyezikwa haulizwi tena. Tuanze kuuliza sasa.