Jicho Jekundu na Uvumi wa Sokoni

Juma lililopita jirani yangu, mama wa watoto wawili, alinisimamisha mlangoni. "Kaka, wewe ni mtu wa redio, niambie kweli. Ati chanjo huleta ugonjwa wa macho?" Alikuwa ajiandae kumpeleka mwanawe akapate chanjo ya surua, lakini maneno aliyoyasikia sokoni yalimrudisha nyumbani.

Sikumcheka. Ugonjwa huo upo. Waganga wa macho huuita uveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, kwenye tabaka lenye mishipa mingi ya damu. Jicho huwa jekundu, huuma, haliwezi kustahimili mwanga, na mtu huona ukungu. Ni ugonjwa adimu. Na ni kweli kwamba, kwa nadra sana, umewapata watu siku au majuma machache baada ya kuchanjwa. Kufuatana si lazima kusababishana. Lakini chanjo huamsha askari wa mwili, na yumkini mara mojamoja askari hao hukosea shabaha. Aghalabu wagonjwa hao hupona kwa dawa ya matone.

Lakini uvumi ulisahau nusu ya habari, nayo ni virusi vyenyewe. Mwaka 2014 Dk. Ian Crozier, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa Ebola huko Kenema, Sierra Leone, aliambukizwa. Alitibiwa Marekani akapona. Miezi kama miwili baadaye jicho lake likavimba ndani, na rangi yake ikageuka kutoka buluu kuwa kijani. Madaktari walipochota maji ya ndani ya jicho wakakuta virusi vya Ebola, ilhali katika machozi yake havikuwamo. Jicho ni chumba ambacho mwili hausukumi askari wengi ndani, wasije wakavunja vyombo. Adui naye hujificha humo. Bahati njema, alirudi kuona. Huko Liberia, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta uveitisi kwa takribani robo ya walionusurika Ebola, zaidi ya maradufu ya watu wao wa karibu ambao hawakuambukizwa.

Na surua je? Kabla chanjo haijaenea, surua pamoja na upungufu wa vitamini A vilipofusha watoto wengi sana Afrika.

Lawama nawapa wale wanaotangaza kwamba chanjo haina dhara lolote. Mzazi akiambiwa hivyo, kisha akaona jicho moja jekundu, hatatuamini tena. Tumwambie ukweli mzima: dhara lipo, ni la nadra, na ugonjwa wenyewe ni hatari zaidi. Jicho likiwa jekundu, likauma na kukimbia mwanga, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usitie maziwa ya mama wala dawa ya kuokoteza dukani. Mweleze daktari kama ulichanjwa, na lini.

Hayo ndiyo niliyomwambia jirani yangu. Jana jioni nilimwona akirudi, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Hakuniambia neno, nami sikumwuliza.