Bolti ya Alternata Iliyokufa Hesi

Leo sitasema habari za chulebuni ya kahawa wala mnyauko wa migomba. Nitasema habari za bolti moja, nene kama kidole kidogo cha mtoto, inayoshika alternata ya gari. Mtaniuliza: bolti na kilimo, wapi na wapi? Haya, sikilizeni.

Sisi wa Kilimanjaro vihamba vyetu viko juu na soko liko chini. Kutoka Kibosho, Uru, Kirua au Mwika, ndizi na maziwa na parachichi hushuka kwa gari. Mbolea, pumba na mashudu hupanda kwa gari lilelile. Na gari lenyewe mara nyingi si jipya. Ni Land Rover ya miaka ya sabini, au pikapu ya Toyota ambayo imekwisha kubadili wenyewe mara nne. Moshi mjini iko yapata mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na vihamba vingi vya kahawa na migomba viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Basi kila safari ya kurudi ni kupanda, gia ya pili, injini inanguruma na maji yanapata moto.

Katika magari hayo ya zamani mkanda mmoja wa feni ndio unaozungusha feni, pampu ya maji, na hiyo alternata inayotia umeme katika betri. Mkanda unakazwa kwa kuivuta alternata nje, kisha kuifunga kwa bolti ya juu. Bolti hiyo ikiachia, mkanda unalegea. Taa nyekundu inawaka, feni inazunguka kivivu, maji yanachemka, na gari linasimama katikati ya mlima. Kama ni alfajiri ya siku ya soko, akina mama wako Kiboriloni wanasubiri mikungu ambayo haifiki. Mkungu ulioanza kuiva haukusubiri, na maziwa ndiyo kabisa. Sasa mnaona bolti inavyoingia katika kilimo.

Kwa nini bolti hii, wala si nyingine? Bolti ni ya chuma kigumu, lakini mwili wa alternata ni wa alumini, ambayo ni laini. Hesi, yaani ile mistari inayozunguka, ambayo mafundi wengine huiita uzi, iko pande zote mbili: nje ya bolti na ndani ya tundu. Chuma na alumini wakishindana, anayeshindwa ni alumini. Tena bolti hii hufunguliwa na kufungwa kila mkanda unapokazwa, na njia zetu za mawe huitikisa kila siku. Dereva akiiona imelegea huchukua spana ndefu, akaongezea na bomba, akaikaza kwa nguvu za kung'oa kisiki. Siku moja bolti inazunguka bila kukaza. Hapo hesi imekufa.

Sababu nyingine ni kubwa kuliko hiyo, na watu wengi hawaijui. Magari ya zamani ya Kiingereza mara nyingi hutumia bolti za inchi, na ya Kijapani hutumia za milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Ile ya milimita 8 ni milimita 8. Ukizishika mkononi utaapa kuwa ni mapacha. Lakini ya inchi 5/16 yenye hesi pana ina mistari 18 katika kila inchi, na ya milimita 8 ya kawaida ina mistari 20 na kidogo katika urefu uleule. Ukiingiza moja katika tundu la mwenzake itakubali mizunguko miwili mitatu, halafu itakuwa ngumu. Mtu asiyejua husema, "Ina kutu tu," akaongeza nguvu. Kumbe anakata hesi ya zamani. Kwa hiyo bolti mpya uiingize kwa vidole vyako, bila spana. Ikikataa vidole, itoe. Ukitaka kupima, weka rula: bolti ya milimita 8 ya kawaida ina mistari 8 katika kila milimita 10.

Tuje kwenye matengenezo. Kwanza kabisa toa waya wa betri, ule unaokwenda kwenye bodi ya gari. Usisahau hilo. Waya mnene ulio nyuma ya alternata una umeme hata kama ufunguo umeutia mfukoni, na spana ikigusa waya huo na bodi kwa pamoja, itaruka cheche za kukuunguza.

Itoe bolti uitazame vizuri. Ukiona mistari yake imelala, na ndani ya tundu ni safi, una bahati; nunua bolti nyingine ya namna ileile. Lakini ukiona kati ya mistari yake kuna vipande vyeupe vya kung'aa kama nyuzi za fedha, hiyo ni alumini ya tundu imetoka pamoja nayo. Bolti mpya haitasaidia kitu.

Sasa chungulia nyuma ya sikio la alternata, pale bolti inapotokea. Je, tundu limetoboka upande wa pili, na pana nafasi ya kuweka nati? Kama ipo, dawa ni rahisi, nami naipenda kuliko zote. Panua tundu kwa keekee ya milimita 8 na nusu ili hesi mbovu iondoke, pitisha bolti ndefu ya milimita 8, weka washa bapa, washa ya springi, na nati nyuma. Sasa inayokaza ni nati ya chuma, wala humtegemei tena alumini. Kabla ya kuwasha injini zungusha feni ya alternata kwa mkono, uhakikishe ncha ya bolti haigusi kitu.

Kama hakuna nafasi ya nati, kazi ni ya tapu, na hapo ishushe alternata yote. Ni heri nusu saa ya kuifungua kuliko kutoboa ukiwa umeinama ndani ya boneti, tundu likaenda upande. Ifunge katika jiliwa kwa vipande vya mbao, isiumie. Ziba matundu yake yote kwa kitambaa, maana vumbi la alumini likiingia katika nyaya za ndani umejitafutia ugonjwa mwingine.

Kama nyama inayozunguka tundu ni nene ya kutosha, unaweza kupanda kutoka bolti ya milimita 8 hadi ya milimita 10. Toboa kwa keekee ya milimita 8.5, kisha pitisha tapu ya 10 yenye hesi ya kawaida, ile ya milimita moja na nusu. Tia mafuta ya taa, maana alumini hupenda kugandia tapu. Zungusha nusu mzunguko mbele, rudi robo nyuma ili uchafu ukatike, endelea hivyo. Usilazimishe, tapu ikivunjikia ndani, kuitoa ni kazi ya kulia. Tundu refu la ule mkono wa chuma unaoshika alternata nalo litahitaji kupanuliwa kwa tupa ili lipokee bolti nene. Lakini nyama ikiwa nyembamba, acha njia hii kabisa. Sikio litapasuka, na sikio likipasuka unanunua alternata.

Njia ya tatu ni kutia hesi mpya ya chuma ndani ya tundu. Ziko springi ndogo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa bolti ya milimita 8 tundu hutobolewa milimita 8.3, hupitishwa tapu yake maalumu, kisha springi huingizwa ikakaa humo daima. Ikifanywa vizuri huwa imara kuliko hesi ya kiwandani, kwa sababu sasa chuma kinakutana na chuma. Kama springi hizo hazipatikani, mchonga vyuma mwenye mashine anaweza kukuchongea kibushi cha chuma chenye hesi nje na ndani. Moshi mafundi wa namna hiyo hawakosekani. Ulizia mafundi walio karibu na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, au kwa walimu wa chuo cha VETA.

Ziko pia dawa za uongo. Bati la kopo lililokunjwa ndani ya tundu hushika mpaka kwenye kona ya kwanza ya mawe. Gundi ya chuma inafaa mahali pasipofunguliwa, lakini bolti hii hufunguliwa kila mara. Kuchomelea ndiyo mbaya kuliko zote: umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita katika alternata huua dayodi zake, na hapo umetibu kidole ukaua mkono. Kabari ya mti nakuruhusu, ndugu yangu, lakini ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Nataka niongeze kidogo kwa wenye mashine za kumenyea kahawa. Hesi ya fremu ikifa, njia ni zilezile, ila chuma cha kusubu hukatwa kikavu, bila mafuta ya taa.

Unaporudisha alternata, anza na bolti ndefu ya chini, ile inayoizungusha. Watu huisahau. Ikiwa imelegea, mtikisiko wote unamwangukia mwenzake wa juu, na ndiyo maana wengine hutengeneza leo wakarudia mwezi ujao. Ivute alternata kwa kipande cha mti ukiegemeza upande wa mbele, karibu na puli, wala si nyuma ambako ni kwembamba. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu; ukishuka kama milimita 10 hadi 12, unatosha. Bolti ya kuingia katika alumini izame angalau milimita 12, yaani mara moja na nusu ya unene wake. Kisha kaza kwa spana fupi, kwa nguvu ya kifundo cha mkono. Rudisha waya wa betri.

Halafu shuka na mzigo wako sokoni. Ukifika, kabla ya kupakua ndizi, fungua boneti uijaribu bolti hiyo mara moja tena kwa spana, maana safari ya kurudi ndiyo ya kupanda.