SIMU NI YAKO, PESA NI ZA KIKUNDI
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Bangale)



Tunawashukuru kwa kufika, maana tunajua wengine mmeacha mifugo majini. Leo hatukuja kuongea juu ya mbuzi. Tumekuja kuongea juu ya simu ya mweka hazina.

Zamani tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Halikufunguka mpaka wote wakutane. Tangu M-Pesa ianze nchini mwezi wa Machi 2007, vikundi vingi vimeliacha. Siku hizi michango inaingia kwa simu ya mtu mmoja. Simu ni yake, amenunua kwa pesa zake, watoto wanaichezea, jirani anaiazima. Lakini ndani mna pesa za wanachama na picha za vitambulisho vyao. Zile kufuli tatu ziko wapi?

Kuna mama mmoja, mweka hazina wa kikundi tunachokifahamu. Kusoma kunamsumbua, basi nambari ya siri aliandikiwa kwenye kikaratasi, akakiweka nyuma ya betri. Akapeleka simu dukani kuchajiwa, kama tufanyavyo wote, ikakaa kutwa. Jioni pesa za mzunguko hazipo. Nani alitoa? Mpaka leo hatujui. Mama aliapa, wenzake hawakumwamini, akauza mbuzi akalipa. Sisi tunaamini hakuiba. Kosa ni letu pia: tulimfundisha kuandika daftari, hatukumfundisha kutunza simu.

Haya, tufanyeje? Kikundi kiwe na laini yake mbali na ile ya nyumbani, hata kwa mulika mwizi tu. Ukipeleka simu kuchaji, chomoa laini, ifunge kwenye pindo la leso, ukae nayo. Nambari ya siri ikae kichwani, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana huo umeandikwa kwenye kitambulisho. Anayekusaidia kusoma ujumbe asome ujumbe, basi. Hata kama ni mwanao.

Pesa zikizidi mahitaji ya wiki, zisilale kwa simu. Zipelekwe kwenye akaunti ya benki yenye watia saini watatu. Garissa ni safari, ndiyo, lakini hapo kufuli tatu zimerudi. Na kila mkutano salio lisomwe mbele ya wote.

Matapeli nao wapo. Ujumbe ukisema umetumiwa pesa kwa makosa uzirudishe, tazama salio lako kwanza. Mtu akipiga eti yeye ni wa Safaricom, anataka nambari ya siri, kata. Ujumbe wa utapeli utume kwa 333. Simu ikipotea, usingoje asubuhi: azima nyingine ya Safaricom, piga 100, laini ifungwe.

Picha za vitambulisho zisitupwe kwenye WhatsApp ya kikundi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inasema habari za mtu zitumike kwa kazi iliyoombewa tu. Fomu ikishapelekwa, futa picha. Na mweka hazina akibadilishwa, akabidhi laini pamoja na daftari, kisha nambari ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Sasa tungependa kusikia kwa kila mweka hazina aliye hapa: jana usiku simu yako ililala wapi?