Utepe Unaovutika Hauchukui Nafasi ya Mazoezi
(Hotuba kwa wahudumu wa afya ya jamii, Tunduma)



Hapa Tunduma malori ya kwenda Zambia hupanga foleni, bodaboda hupenya katikati yake, na ajali za kuvunjika kifundo cha mguu si jambo geni kwetu. Mgonjwa akishapasuliwa na kuwekewa vyuma, jamaa hudhani kazi imekwisha, kumbe bado ana miezi ya kujifunza kutembea upya.

Siku hizi wagonjwa wanatuuliza juu ya ule utepe wa rangi unaoonekana miguuni mwa wachezaji wa mpira. Ulibuniwa na Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970. Ni wa pamba, una gundi, huvutika kama ngozi, na hukaa siku kadhaa hata mgonjwa akioga.

Je, unasaidia? Baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya maumivu. Lakini kuhusu kupunguza uvimbe, matokeo ya tafiti hayalingani. Tena utepe hauungi mfupa, wala haushikilii kifundo kama plasta ngumu. Basi mgonjwa asiuze kuku wake ili aununue, huku akiyaacha mazoezi yasiyo na gharama.

Daktari akiruhusu, mgonjwa apandishe na kushusha wayo mara nyingi kwa siku. Akilala, mguu uinuliwe juu ya mito kupita usawa wa moyo. Akanyage kwa magongo kadiri alivyoelekezwa. Kifundo kisichosogezwa hukakamaa, na asiyeweza kuchuchumaa hupata taabu shambani na hata kwenye choo cha shimo.

Anayeutumia utepe abandikwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Usiwekwe juu ya kidonda, nyuzi ambazo hazijatolewa, wala malengelenge. Ngozi ikiwasha, ubanduliwe taratibu. Kigimbi kikivimba na kuuma, au mgonjwa akikosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda damu imeganda ndani ya mishipa.

Tukirudi kwenye sharika zetu, tumtembelee kila aliyetoka hospitali na vyuma mguuni. Tumwulize kwanza kama leo amefanya mazoezi. Habari za utepe zije baadaye.